Mtu mmoja, mitaa mitatu, watoto watatu: je, mahakama huambiwa habari za nyuma?

Mama wa Buza

Ndugu zangu, salaam kwenu. Mimi ni mzazi na mkazi wa Buza, wilaya ya Temeke, na ninaandika nikimwomba mwenye kujua sheria na taratibu za mahakama anieleweshe, kwa sababu kila ninayemuuliza hapa mtaani ananijibu kwa hasira, na hasira ninayo tayari.

Mwanzoni mwa mwaka alihamia mpangaji mmoja nyumba ya tatu kutoka kwetu, fundi wa kuchomelea, mtu mpole wa maneno ambaye watoto walimzoea upesi kwa kuwa hakukosa hela ya ubuyu ya kuwagawia. Mwezi uliopita alikamatwa kwa kumdhuru binti wa jirani yangu, mtoto wa miaka minane. Alichofanyiwa sitakieleza hapa. Nitasema tu kwamba mimi ndiye niliyewasindikiza kituoni usiku ule, na kwamba mtoto yule alikaa kwenye benchi akiwa ameshika kiatu chake kimoja kwa mikono miwili, akikataa kukivaa na akikataa kukiachia, mpaka saa nne tulipopewa namba ya RB, yaani ya kumbukumbu ya taarifa yetu kituoni, na PF3, fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali.

Habari ilipoenea, wanawake wa mitaa mingine wakaanza kutuletea simulizi zao. Kabla ya kuja kwetu mtu huyu alikuwa Mbagala, na huko alishtakiwa kwa kosa la aina hiyo hiyo. Kesi ikawa inatajwa na kuahirishwa mwezi baada ya mwezi, mpaka mama wa mtoto akachoka, akarudi kwao Nachingwea, na kesi ikaondolewa. Kabla ya Mbagala alikuwa Yombo, ambako hapakuwa na kesi yoyote, kwa sababu wazee wa pande mbili walikaa kwa mjumbe wakaandikishana, baba wa mtoto akapokea shilingi laki nne, naye akahama ndani ya wiki hiyo.

Sasa huyu wetu amepata dhamana. Jumapili asubuhi alikuja bombani na ndoo yake kama mtu mwingine yeyote, na mtoto ndiye aliyemwona kwanza, kabla yetu sisi wakubwa.

Naomba kuelezwa mambo matatu. Je, hakimu aliyempa dhamana aliambiwa habari za Mbagala na Yombo? Je, sheria zetu zinampa adhabu kubwa zaidi anayerudia kosa dhidi ya watoto? Na kama zinampa, imekuwaje mtu apite mitaa mitatu na bado, mbele ya sheria, awe mtu asiye na kosa?

Karani Mstaafu

Mama, pole sana, na utufikishie pole kwa mama wa mtoto. Nilifanya kazi katika masjala za mahakama za chini kwa zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitajibu kwa yale niliyoyaona yakiandikwa.

Mshtakiwa akishatiwa hatiani, kabla ya kutamka adhabu, hakimu humuuliza mwendesha mashtaka kama anazo kumbukumbu za makosa ya nyuma. Jibu nililolisoma katika majalada mengi kuliko ninavyoweza kuhesabu ni kwamba kumbukumbu hizo hawana, na kwamba wanaomba adhabu kali iwe fundisho kwa wengine. Hapo hakimu hana budi kumchukulia mtu huyo kuwa ni mkosaji wa mara ya kwanza. Jibu lile halina maana kwamba mtu amechunguzwa akaonekana safi. Mara nyingi lina maana kwamba jalada lilitoka kituoni bila majibu ya alama za vidole, na kwamba hakuna aliyekwenda kuuliza katika mahakama ya wilaya jirani, ambako mtu yule yule huenda aliandikwa kwa jina la babu badala ya jina la baba.

Lakini naomba tulitazame jambo hili kwa undani zaidi, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Kwa makosa ya kujamiiana dhidi ya watoto, sheria yetu si laini hata kidogo. Tangu ilipotungwa sheria maalum ya makosa hayo mwaka 1998, ile tuliyozoea kuiita SOSPA, ambayo masharti yake yaliingizwa katika Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, mtu mzima anayembaka msichana aliye chini ya miaka 18 hufungwa si chini ya miaka 30, na ridhaa ya msichana haiulizwi. Akiwa chini ya miaka 10, adhabu ni kifungo cha maisha. Kumlawiti mtoto aliye chini ya miaka 18 adhabu yake nayo ni kifungo cha maisha. Kifungu cha 131 kinahesabu marudio mahali pamoja tu, nako ni kwa mvulana wa miaka 18 au chini yake: kosa la kwanza viboko, la pili kifungo cha miezi 12 pamoja na viboko, la tatu maisha. Kwa mtu mzima hesabu hiyo haipo, na sababu yake naiona kuwa wazi, kwamba aliyefungwa miaka 30 hatarajiwi kupata nafasi ya kurudia.

Ukilipima hilo, Mama, utaona kwamba mkosaji wa kurudia anayetusumbua mitaani si yule aliyefungwa akatoka. Ni yule ambaye hajawahi kutiwa hatiani hata mara moja. Rekodi huanza na hukumu, na kwa mtu wenu hukumu haijawahi kuandikwa. Hata adhabu ikiongezwa namna gani, haitamgusa mtu ambaye shauri lake la kwanza liliishia kwa mjumbe, na la pili likaishia stendi, mama wa mtoto alipopanda basi la Nachingwea.

Baba wa Watatu

Mzee wangu, shikamoo. Nimeyasoma maelezo yako na ninayaheshimu, lakini mimi nina watoto watatu na siwezi kuridhika na jibu kwamba sheria ni kali wakati mtu yuko bombani. Madagascar mwaka 2024 ilipitisha sheria ya kuwahasi wanaobaka watoto wadogo. Kenya wanayo rejista ya waliohukumiwa kwa makosa haya. Marekani majina na picha zao zimewekwa kwenye intaneti, kila mzazi anaweza kuangalia nani anaishi jirani naye. Sisi tunangoja nini? Nami pia ninaishi upande huu wa Temeke, na nimekwisha kuwasikia vijana wakisema kwamba mtu huyo akirudi bombani hatafika nyumbani. Nasema kweli, sikuwa na maneno ya kuwazuia.

Wakili wa Ilala

Ndugu Baba wa Watatu, maneno ya kuwazuia yapo, nami nakuomba uwapelekee leo. Mtu huyo akiuawa na wananchi wenye hasira kali, binti wa jirani hatapata hukumu, mtoto wa Mbagala hatapata, wa Yombo hatapata, na vijana wenu watashtakiwa kwa mauaji, kosa ambalo halina dhamana na ambalo adhabu yake kwa sheria yetu ni kunyongwa. Mashahidi wa kesi ya mtoto watageuka kuwa mashahidi wa kesi ya vijana. Hilo waelezwe waziwazi, tena na mtu wanayemheshimu.

Kuhusu rejista, umesema kweli. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya Kenya ya mwaka 2006, katika kifungu cha 39, inairuhusu mahakama kumtangaza mtu kuwa mkosaji hatari iwapo amehukumiwa zaidi ya mara moja, au iwapo kosa lake lilikuwa dhidi ya mtoto, na rejista hutunzwa na Msajili wa Mahakama Kuu. Kwetu si SOSPA wala Sheria ya Mtoto, Namba 21 ya 2009, iliyoanzisha kitu cha namna hiyo, nami ningependa tuwe nacho, hasa kwa ajili ya shule, madrasa na vituo vya kulelea watoto vinavyoajiri watu bila kuuliza walikotoka. Lakini rejista hiyo ni ya waliohukumiwa, na kuhasi nako hufuata hukumu. Mtu wa Mama wa Buza asingekuwamo katika lolote kati ya hayo mawili. Hapo namuunga mkono mzee wetu bila kusita.

Sasa nije kwenye swali la dhamana. Natumia namba za vifungu tulizozizoea kabla ya sheria kufanyiwa urekebu wa mwaka 2023. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 148(5), inaizuia mahakama kutoa dhamana kwa mtu aliyewahi kuhukumiwa kifungo kinachozidi miaka 3, na mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Sharti hilo nalo linategemea hukumu ya nyuma, kwa hiyo halikumhusu. Hata kama hakimu angesimuliwa yote ya Yombo na Mbagala, tuhuma ambazo hazijathibitishwa haziwezi kutumika kama ushahidi wa kosa la leo, nami nasema ni sawa iwe hivyo, kwa sababu kanuni hiyo ndiyo inayomlinda pia mtu asiye na hatia ambaye mtaa umeamua kumchukia. Hata hivyo, mahakama ina uwezo wa kuweka masharti ya dhamana, ikiwamo kumzuia mshtakiwa asitoke au asifike eneo fulani. Jambo la bombani liandikwe kwa barua, lipelekwe kwa mpelelezi wa kesi na kwa mwendesha mashtaka kabla ya tarehe ya kutajwa, ili aombe masharti hayo, au aombe dhamana ifutwe iwapo itaonekana mashahidi wanatishwa.

Nimeacha la mwisho, na ndilo ninalotaka Mama wa Buza alisome mara mbili. Kesi ya Mbagala huenda haijafa. Upande wa mashtaka ukiondoa shauri chini ya kifungu cha 98 kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, au mahakama ikimwachia chini ya kifungu cha 225 kwa kuwa upelelezi haukukamilika, huko si kuachiwa huru kwa maana ya kuonekana hana hatia, na hakuzuii kushtakiwa upya. Kama upande wa mashtaka ulifunga ushahidi wake na hakimu akaamua kwamba hana kesi ya kujibu, basi hapo mlango umefungwa kwa kosa hilo. Ndiyo maana kitu cha kwanza kutafuta ni nakala ya amri iliyotolewa siku ile, ili ijulikane ni kifungu gani kilichoandikwa.

Na ile ya Yombo haikuwahi hata kufunguliwa. Makosa haya ni dhidi ya Jamhuri, si deni kati ya familia mbili, kwa hiyo karatasi iliyoandikwa kwa mjumbe haimfungi mwendesha mashtaka na haimzuii mzazi kwenda polisi hata leo. Na kama makosa ni ya mfululizo na ya aina moja, kifungu cha 133 kinaruhusu yaunganishwe katika hati moja ya mashtaka. Kila shtaka litahitaji ushahidi wake, na kila mtoto atasikilizwa kwa habari yake mwenyewe. Lakini hapo hakimu atakuwa na watoto watatu mbele yake badala ya mmoja, na tetesi zitakuwa zimegeuka mashtaka.

Afisa Ustawi, Temeke

Ningependa kuongeza kwa upande wa watoto wenyewe, kwa sababu kesi nyingi ninazozijua huanguka hapo.

Ushahidi wa mtoto una uzito mkubwa katika sheria yetu kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, kifungu cha 127 kwa namba za kabla ya urekebu, inamruhusu hakimu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake, akiridhika kwamba mtoto anasema kweli na akiandika sababu zake. Mtoto asiyezidi miaka 14 halazimiki kuapa. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 anachotakiwa ni kuahidi kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Jambo hilo linaonekana dogo, lakini Mahakama ya Rufani imewahi kufuta hukumu kwa sababu ahadi hiyo haikuchukuliwa au haikuonekana katika mwenendo wa kesi, na mtu aliyefungwa miaka 30 au maisha akarudi nyumbani bila mtoto kuwa amesema uongo wowote. Mzazi hawezi kumwongoza hakimu, lakini mwendesha mashtaka yuko pale, na anaweza kukumbushwa kwa heshima kabla ya siku ya ushahidi. Akumbushwe pia kwamba mtoto anapaswa kusikilizwa faragha.

Nawaomba sana, msimhoji mtoto mara kwa mara. Shangazi anauliza, mama mdogo anauliza, jirani anauliza, na kila mmoja anaongeza neno lake, mpaka siku ya mahakama mtoto hajui tena lipi ni lake na lipi ni la wakubwa. Mtoto mmoja alinieleza habari yake yote akiwa anamenya chungwa, hakuniangalia hata mara moja, na alipomaliza chungwa alikuwa amemaliza na maelezo. Sikuuliza zaidi ya alichosema. Nilimpa kitambaa afute mikono.

Hospitali ya Amana pale Ilala kuna kituo cha mkono kwa mkono, ambako daktari, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na ustawi wa jamii hukutana na mtoto mahali pamoja, badala ya yeye kuzungushwa ofisi tatu akirudia maneno yale yale. Simu ya mtoto ni 116, haina malipo. Tena Sheria ya Mtoto, kifungu cha 95, inamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa za haki za mtoto kuvunjwa kuzipeleka serikali za mitaa, kwa hiyo mjumbe aliyeandikisha yale makubaliano ya Yombo alikuwa na wajibu wa kufanya kinyume kabisa cha alichofanya.

Simlaumu upesi yule baba wa laki nne. Nimekaa na wazazi kama yeye, na wengi wao hawakuuza chochote. Waliambiwa na watu wazima waliowaamini kwamba mtoto ataaibika, kwamba kesi ni nauli kila mwezi, kwamba mwishowe hatapata kitu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na karibu mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18, na wengi hawakupata huduma yoyote. Wengi wa watoto hao walikuwa na mjumbe jirani, na mtu wa kuwashauri wanyamaze.

Mwalimu wa Awali

Naomba kuuliza kwa kifupi. Haya yote ni ya makosa ya kujamiiana. Je, mtu anayewachoma watoto kwa pasi au kuwapiga mpaka wanavunjika, akarudia kwa mtoto mwingine wa kazi, sheria inasemaje?

Karani Mstaafu

Mwalimu, hapo ndipo upungufu unapoonekana bila kificho. Inategemea aliyefungua mashtaka amechagua kifungu gani. Akishtakiwa kwa kujeruhi vibaya chini ya Kanuni ya Adhabu anaweza kufungwa hadi miaka 7, na ikithibitika alikusudia madhara hayo makubwa anaweza kufikia maisha. Akishtakiwa kwa kumtesa mtoto chini ya Sheria ya Mtoto, kifungu cha 14, adhabu haizidi faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi 6, au vyote viwili. Kifungu hicho hakisemi neno juu ya anayerudia. Nimeona faini ikilipwa dirishani asubuhi, na mtu akaondoka kabla ya adhuhuri. Kama nchi itabadilisha jambo moja katika maandishi ya sheria, ningependa iwe hilo, kabla ya kugusa miaka 30 ambayo iko tayari.

Mama wa Buza

Nawashukuru nyote, na mzee wangu Karani, shikamoo. Nimechukua siku tisa kurudi kwa sababu nilitaka nirudi na kitu mkononi.

Mwenyekiti wetu wa mtaa alikubali kuandika barua kuhusu dhamana, na ilipofika tarehe ya kutajwa mahakama iliweka sharti kwamba mshtakiwa asifike Buza mpaka kesi imalizike. Amehama. Nimemwomba mwenyekiti aulizie alikohamia, ili ofisi ya mtaa wa huko ijue, na daftari la wakazi la huko lisiandike jina na namba ya simu peke yake.

Nakala ya amri ya Mbagala tumeipata. Nilikwenda na mama wa mtoto wetu, tukalipia, tukasoma pamoja tukiwa tumesimama ukumbini, na iliandikwa kifungu cha 98(a), mashtaka yameondolewa. Nimempigia mama wa Nachingwea. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema mtoto wake sasa ana miaka kumi na mmoja na anakumbuka kila kitu, hata rangi ya mlango. Anachouliza ni nauli, na kama mtoto anaweza kutoa ushahidi akiwa huko huko kwa njia ya video, jambo ambalo mwendesha mashtaka amesema ataliomba.

Baba wa Yombo hakupokea simu zangu. Mkewe ndiye aliyenipigia juzi, saa tano usiku, akizungumza kwa sauti ya chini kama mtu aliye nje ya mlango wa chumba, akaniuliza kama karatasi ya mjumbe inaweza kumpeleka yeye jela akienda polisi. Nilimsomea jibu la wakili neno kwa neno, kisha akaniomba nirudie sehemu ya Jamhuri. Amesema atanipigia tena Alhamisi, mumewe akiwa zamu ya usiku.